PubMed au Google Scholar: uanzie wapi kutafuta ushahidi wa tiba?

Mwanafunzi wa udaktari akipewa kazi ya kukusanya tafiti, mara nyingi hukimbilia Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta makala za kitaaluma. Namwelewa: kisanduku kimoja, unaandika, majibu yanamiminika. Lakini kwa mapitio ya kina ya tafiti, mimi nasimama na PubMed, hifadhidata ya makala za tiba.

Sababu kubwa ni namna makala zinavyopangwa. PubMed, inayoendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani na iliyofunguliwa bure kwa umma mwaka 1997, hutumia orodha ya istilahi iitwayo MeSH. Ukiandika "heart attack", inatafuta pia "myocardial infarction", jina la kitabibu la mshtuko huohuo wa moyo, hivyo makala haikupiti kwa sababu tu mwandishi alichagua jina jingine. Unaweza kuchuja majaribio ya nasibu peke yake (yale yanayogawa washiriki kwenye makundi kwa bahati nasibu), ukahifadhi hatua zako za utafutaji, na mwenzako akazirudia neno kwa neno. Huko kurudiwa ndiko moyo wa kazi yenyewe.

Google Scholar, iliyoanza 2004, haionyeshi zaidi ya matokeo 1,000 kwa utafutaji mmoja, na namna inavyoyapanga haiko wazi. Hata hivyo usiitupe. Inafika kwenye tasnifu za vyuo na majarida madogo ya Afrika Mashariki ambayo PubMed haina, na inakuonyesha nani alinukuu utafiti fulani baadaye.

Marejeo ya kote kuwili yapeleke Zotero, programu ya bure ya kutunza marejeo, na uondoe yaliyojirudia kabla hujaanza kusoma.