CASPA: tathmini ya mfumo wa kuomba masomo ya udaktari msaidizi Marekani

Anayetaka kusomea kazi ya daktari msaidizi nchini Marekani, ile inayojulikana huko kwa herufi PA, ni vigumu kuikwepa CASPA, kwa kuwa programu nyingi za fani hiyo hupokea maombi kupitia mfumo huu mmoja wa mtandaoni, ulioanza mwaka 2001 na unaosimamiwa na PAEA, chama cha vyuo vinavyofundisha fani hiyo. Tathmini hii naiandika hasa kwa maofisa tabibu na wauguzi waliohamia Marekani kutoka Afrika Mashariki, ambao nyumbani wamekwisha kulaza wagonjwa, kushona majeraha na kuzalisha, na sasa wanahudumia wazee katika nyumba za matunzo huku wakijiuliza kama ujuzi wao bado una thamani. Kwa maoni yangu mfumo unawatendea haki kuliko wengi wanavyodhani, ila haki hiyo humfikia aliyeanza kujiandaa mapema, mwaka mzima au zaidi kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa, jambo ambalo kwa kawaida hufanyika mwishoni mwa Aprili.

Sehemu iliyo bora kuliko zote ni ile ya uzoefu wa kazi. Fani yenyewe ilizaliwa mwaka 1965 katika Chuo Kikuu cha Duke, pale Dk. Eugene Stead alipowachukua wahudumu wa tiba waliotoka jeshi la wanamaji, watu wenye ujuzi mkubwa wa mikono ambao hospitali za kiraia hazikuwa na cheo cha kuwapa, na hadi leo fomu inamuuliza mwombaji amewahudumia wagonjwa kwa saa ngapi. CASPA hutenganisha kazi ya kumgusa mgonjwa moja kwa moja, kama kumpima, kumtibu au kumuuguza, na kazi nyingine za afya kama mapokezi au usafirishaji wa sampuli. Kumfuata PA kazini na kumtazama kuna kundi lake pia. Utengano huo ni wa busara, na afisa tabibu aliyefanya kazi katika kituo cha afya anapaswa kuandika waziwazi alichokifanya kwa mkono wake, kwa kuwa msomaji wa Marekani huenda hajui kwamba cheo hicho kinaruhusu kutambua ugonjwa na kuandika dawa. Kiwango cha chini cha saa hutofautiana: programu moja itataka 500, nyingine 1,000 au 2,000. Zipo pia zinazozipa saa za nje ya Marekani uzito mdogo, kwa hiyo ni lazima kuuliza kila chuo kabla ya kulipa.

Panapowachosha watu wetu ni kwenye transkripti, yaani nakala rasmi ya masomo na alama zako. CASPA inaihitaji kutoka kila chuo cha Marekani ulichosoma, hata kama ni somo moja tu, na somo lililorudiwa huhesabiwa mara zote katika GPA, yaani wastani wa alama zako, hata pale ambapo chuo chenyewe kilifuta alama ya zamani. Masomo ya nje hupelekwa kwanza kwenye taasisi ya kutathmini vyeti, kama vile WES, ambayo huhitaji kupokea nyaraka kutoka chuo cha nyumbani, na hapo ndipo miezi inapopotea. Tena programu nyingi hutaka anatomia, fiziolojia, mikrobiolojia, kemia na takwimu zisomwe katika chuo cha Marekani. Stashahada peke yake haitoshi, kwa sababu programu hizi ni za shahada ya uzamili. Chuo cha jamii (community college, chuo cha umma cha miaka miwili) kilicho karibu na unapoishi ni njia nafuu ya kuyasoma masomo hayo, lakini thibitisha kwamba programu unayoilenga inayakubali.

Gharama si ndogo: programu ya kwanza hugharimu zaidi ya dola 170, na kila ya ziada zaidi ya dola 50. Upo msamaha wa ada kwa wenye kipato kidogo, lakini nafasi zake zina kikomo, hivyo uombe mapema. Huduma ya kulipia ili masomo yako yaingizwe kwenye fomu na wafanyakazi wa CASPA siipendekezi kwa mwenye transkripti moja au mbili. Maelezo binafsi yana kikomo cha herufi 5,000, nafasi kati ya maneno zikiwemo, na barua za mapendekezo huletwa na waandishi wenyewe kupitia mfumo.

Onyo langu kubwa linahusu tarehe. Kuna programu ambazo tarehe ya mwisho ni siku ya kutuma fomu, nyingine hutaka nyaraka zote ziwe zimefika siku hiyo, na nyingine hutaka uhakiki wa CASPA uwe umekamilika, kazi inayoweza kuchukua wiki kadhaa. Kwa kuwa programu nyingi huanza kuita watu kwenye usaili kadiri maombi yanavyoingia, anayetuma Juni yuko mahali pazuri kuliko anayetuma Septemba.