Mafuta gani ununue kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi

Mwanangu akiwa na miaka miwili, saa nane za usiku nilikuwa nikiamshwa na kucha zake zikikwaruza nyuma ya magoti. Asubuhi shuka lina vidoa vya damu. Tangu hapo nimenunua karibu kila kopo hapa Arua, Uganda, na leo ningeyapanga hivi.

Namba moja: mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Ndiyo, yale yale ya bei rahisi. Usidanganywe na picha ya kichanga kwenye kopo, geuza usome nyuma. Ukikuta parfum au fragrance, rudisha. Chukua kopo kubwa. Mtoto aliyekauka mwili mzima anaweza kumaliza gramu 250 kwa wiki, na kakopo kadogo kanakufanya upake kwa ubahili. Paka mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, na uchote kwa kijiko safi. Kasoro yake ni jua la Januari: yanamtoa jasho, na jasho nalo linawasha. Halafu nguo iliyolowa mafuta hushika moto upesi, kwa hiyo mweke mbali na sigiri na kibatari.

Namba mbili ni siagi ya shea. Miti yake iko huku kwetu kaskazini, na shea yetu ni laini kuliko ya Afrika Magharibi, inayeyuka kiganjani. Inuse kwanza, ikiwa na uchachu imezeeka. Mjaribu kwenye kiwiko siku mbili kabla ya kumpaka mwili mzima.

Tatu, krimu isiyo na manukato, kwa ajili ya mchana wa joto. Aqueous cream, ile krimu nyepesi ya duka la dawa, mwogeshe nayo badala ya sabuni kisha umsuuze, kwani nyingi zina sodium lauryl sulfate, kemikali ya sabuni, na ikiachwa mwilini huwasha. Losheni ni ya mwisho, maji matupu.

Usinunue tyubu zenye dawa mbili tatu kwa pamoja. Duka moja liliniuzia: wekundu uliisha siku tatu, ukarudi mkali zaidi. Tyubu hizo mara nyingi huwa na steroidi, dawa ya kutuliza wekundu na mwasho, na steroidi kali kama clobetasol hukondesha ngozi. Haidrokotisoni ya asilimia 1, steroidi hafifu, ina kazi yake, lakini siku ngapi akuambie mhudumu wa afya. Ukiona usaha au magamba ya njano, mpeleke kituoni.

Na kikata kucha. Mimi hukitumia kila Jumapili, akiwa amelala.