Vali tatu za shawa, na moja tu iliyobaki ukutani

Katika muda wa miaka sita bafu letu limefungwa vali tatu za shawa, na ni ya tatu peke yake ambayo ningeinunua tena. Nazieleza zote kwa sababu mbili za kwanza hazikushindwa kwa uzembe wa fundi. Kosa lilikuwa langu, nilipokuwa nimesimama dukani nikivutiwa na mng'aro wa kromu, bila kuuliza mambo mawili yanayoamua kila kitu: ndani yake mna nini, na inahitaji maji yenye msukumo kiasi gani.

Vali iliyokuwapo tangu nyumba ijengwe ilikuwa ya koki mbili, moja ya maji moto na nyingine ya baridi, zenye washa ya mpira inayokandamizwa juu ya kiti cha shaba kila unapofunga. Aina hiyo siku hizi huonekana ya kizamani, lakini ilikuwa na sifa ambayo sikuithamini mpaka ilipoondoka: washa yake hupatikana karibu kila duka la vifaa vya bomba, na kuibadilisha ni kazi ya spana moja. Niliing'oa kwa sababu iliendelea kudondosha maji hata baada ya kuwekwa washa mpya. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba kiti kilicholika huweza kusawazishwa kwa kifaa kidogo cha mkono, na kwamba huenda nisingelazimika kununua chochote.

Vali ya kwanza niliyonunua ilikuwa ya mkono mmoja, ya kufichwa ndani ya ukuta, nje ukiona sahani ya kromu na mkono wake tu. Ilipendeza kwelikweli. Vali za aina hii hufunga na kufungua maji kwa sahani mbili za kauri zinazoteleza moja juu ya nyingine ndani ya kopo dogo liitwalo katriji, na kauri ikiwa nzuri hudumu miaka mingi. Ya kwetu ilianza kuvuja mwezi wa kumi na nne. Sikushtuka, kwani katriji ni kitu cha kubadilishwa. Nilishtuka nilipoitoa na kuipima kwa kalipa. Katriji zinazopatikana kwa urahisi zina kipenyo cha milimita 35 au 40. Hii haikuwa hiki wala kile, na miguu yake ya chini ilikaa kwa mpangilio ambao hakuna muuzaji aliyeutambua, hata yule aliyeniuzia, ambaye alikuwa ameshaacha kuleta aina hiyo.

Mbaya zaidi ilikuwa bodi yenyewe, yaani kiwiliwili cha vali. Fundi alipojaribu kurudisha nati inayoshikilia katriji, hesi za ndani zilimomonyoka kama biskuti, tukaona chini ya kromu madini ya kijivu badala ya manjano. Ilikuwa aloi ya zinki. Vigae vinne vilivunjwa ili kuitoa, na vigae vya rangi ile havikupatikana tena.

Tangu siku hiyo nina mazoea ambayo wauzaji wengine hawayapendi. Naomba vali itolewe kwenye boksi, naielekeza midomo yake ya kuingizia maji kwenye mwanga, na kutazama ndani, mahali ambapo kromu haikufika. Shaba iliyochanganywa na zinki, ambayo mafundi huiita brasi, huonekana ya manjano. Aloi ya zinki huonekana ya kijivu na huwa nyepesi zaidi mkononi. Sumaku haitakusaidia hapa, maana hainati kwenye yoyote kati ya hizo mbili. Hata brasi nayo ina daraja zake: katika maji yenye ukali, zinki iliyomo huweza kuyeyuka taratibu na kuacha shaba yenye vitundu, rangi yake ikigeuka kuwa ya waridi, na ndiyo maana watengenezaji makini hutumia brasi maalumu inayostahimili hali hiyo na kuiandikia alama DZR au CR. Kwa vali itakayofukiwa ukutani, alama hiyo nashauri itafutwe.

Vali ya pili ilikuwa ya termostati, ya kufungwa nje ya ukuta, na napenda kuitendea haki, kwa sababu kama kifaa ilikuwa bora kuliko zote tatu. Ndani yake mna kipande chenye nta kinachotanuka kikipata joto na kusinyaa kikipoa, na mwendo huo mdogo ndio unaosukuma mlango wa maji moto na wa baridi mpaka mchanganyiko ubaki kwenye nyuzi ulizochagua. Maji ya baridi yakikatika ghafla, hufunga pia maji moto. Kitasa chake kina kituo kwenye nyuzi 38 za Selsiasi, na huwezi kukipita bila kubonyeza kitufe. Ulinzi huo si anasa. Maji moto hushauriwa yahifadhiwe kwenye nyuzi zipatazo 60 ili bakteria wa lejionela wasizaliane, na maji ya nyuzi hizo hizo huweza kumuunguza mtu vibaya kwa sekunde zipatazo tano. Hita na ngozi, kwa hiyo, vinahitaji joto tofauti, na kinachosimama katikati ni vali.

Kilichonishinda ni hesabu ya kimo. Karatasi iliyokuja nayo, ambayo niliisoma baada ya kufunga, ilidai msukumo usiopungua baa 1. Safu ya maji yenye urefu wa mita 10 hutoa takriban baa 1; tangi letu liko mita 3 juu ya kichwa cha shawa, maana yake tulikuwa na baa 0.3 hivi, kabla hata ya kupunguza kinachopotea kwenye mabomba na viwiko. Maji yalitoka kama kamba nyembamba, na mtu mwenye nywele nyingi alihitaji subira ya pekee kuondoa povu. Miezi mitatu baadaye niliifungua na kumpa shemeji yangu, ambaye maji yake yanasukumwa na pampu, na kwake inafanya kazi bila dosari. Anayetumia tangi la juu basi apime kwanza kimo kutoka usawa wa chini wa maji mpaka kichwa cha shawa, agawanye mita hizo kwa 10, na alinganishe jibu na maandishi ya boksi.

Ipo pia aina inayosawazisha misukumo, ambayo hutumiwa sana Marekani na Kanada. Ndani yake pistoni ndogo huitikia mtu anapofungua bomba jingine na msukumo wa upande mmoja ukashuka. Ni ulinzi mzuri na rahisi kuliko termostati, ila ieleweke kwamba haisikii joto: hita ikipandishwa, nayo itapitisha maji yaliyopanda. Vali za huko zinazokidhi ASSE 1016, kanuni ya Marekani ya kumlinda anayeoga asiunguzwe na maji, zinafaa, na nimeipenda fikra ya kampuni ya Delta, ambayo bodi yake iitwayo MultiChoice hukaa ukutani huku ndani yake ukiweza kubadilisha aina ya katriji bila kugusa vigae. Tahadhari ni moja, na ni ya hesi. Bomba za nusu inchi za mfumo wa Marekani, NPT, na zile za mfumo wa Uingereza, BSP, zina hesi 14 kwa kila inchi, lakini pembe za hesi hizo ni digrii 60 kwa NPT na 55 kwa BSP. Kwa hiyo zitaingiliana, zitakaza, zitakudanganya, kisha zitavuja ndani ya ukuta. Vali ikitoka mfumo mwingine, nunua na viungio vyake.

Vali ya tatu, inayofanya kazi hadi leo, haina cha kujivunia machoni. Ni ya mkono mmoja, ya brasi, ya nje ya ukuta, yenye umbali wa milimita 150 kati ya matundu yake mawili, ambao ni umbali wa kawaida wa vali za namna hiyo, na boksi lake liliandikwa kiwango cha chini cha baa 0.2. Kabla ya kuinunua niliomba kwanza nionyeshwe katriji yake ya akiba. Muuzaji alidhani namtania, lakini alinitolea: kipenyo milimita 35. Nilinunua vyote viwili siku ileile.

Kabla ya kuifunga tuliyaachia maji yatoke kwenye bomba tupu kwa dakika kadhaa, na ndani ya ndoo tulikuta mchanga, vipande vya tepu nyeupe ya zamani na kutu, vitu ambavyo vingekwaruza kauri tangu siku ya kwanza. Mwaka wa tatu mkono ulianza kuwa mzito, ukisaga kama punje ya mchanga kati ya meno. Nilifunga koki kuu, nikang'oa kifuniko kidogo chenye alama nyekundu na buluu, nikalegeza skurubu kwa ufunguo wa pembe sita, nikatoa nati, nikaweka katriji ya akiba baada ya kupaka pete zake za mpira grisi ya silikoni (mafuta ya mgando ya petroli huvimbisha mpira wa aina nyingi za pete hizo). Kazi nzima ilichukua dakika ishirini, na hakuna kigae kilichoguswa.

Ina kasoro mbili. Haina ulinzi wa joto, hivyo mtu akifungua maji ya baridi jikoni, aliyeko bafuni huruka. Tumeipunguza kero hiyo kwa kuzungusha pete yenye meno iliyo juu ya katriji, inayozuia mkono usifike mwisho wa upande wa moto, lakini kwa nyumba yenye watoto wadogo au wazee, na yenye msukumo wa kutosha, ningechagua termostati bila kusita. Kasoro ya pili ni kile kifuniko chenye alama nyekundu na buluu, ambacho hakikai tena mahali pake tangu nilipokitoa, na sasa kimeshikiliwa na tone la silikoni.