Kegi ya lita 19 bila mtungi wa gesi: hii chaja ndogo ya katriji inafaa?

Kama unatengeneza bia nyumbani, kegi (lile pipa la chuma la bia) unayo ila mtungi mkubwa wa gesi huna, soma hii kabla hujanunua kitu. Hii chaja, kifaa kidogo cha kuminya kinachoingiza gesi ya CO2 kwenye kegi kutoka kwenye katriji (vichupa vya gesi) za gramu 16, nimeitumia kegi tatu sasa na naipenda sana, ila kuna vitu boksi lake halisemi.

Kwanza usiitumie kutia gesi kwenye bia nzima, utamaliza katriji bure. Hiyo kazi waachie hamira, mi naweka sukari gramu 100 hivi nimeichemsha kwenye maji kidogo, naimimina kwenye kegi, nafunga, wiki mbili nje ya friji kisha siku tatu ndani ya friji na bia inatoka imejaa gesi yake yenyewe. Glasi ya kwanza itakuwa na machicha, imwage tu.

Sasa kilichonitesa ni mfuniko. Hizi kegi aina ya Cornelius mfuniko wake unakazwa na presha ya ndani, na siku ya kwanza presha hakuna, kwa hiyo gesi inavuja taratibu na we hujui, kegi yangu ya kwanza niliifungua baada ya wiki mbili bia imelala kabisa, niliumia jamani. Siku hizi nikishafunga tu napiga chaja mara moja mpaka mfuniko ukae, halafu napaka maji ya sabuni pembeni, nikiona vipovu vinajitokeza nafungua navuta ule mpira wa mfuniko naukalisha upya.

Kumimina ndo chaja inapojilipia. Ukitoa bia nafasi inabaki juu, gesi iliyomo kwenye bia inatoka kuja kuijaza hiyo nafasi, ukifika nusu kegi bia imepoa ladha na kwenye koki inachuruzika tu. Zamani nilikuwa na pampu ya mkono, inasukuma vizuri hilo sibishi, lakini inasukuma hewa, na hewa ina oksijeni, kesho yake bia ina ladha ya boksi lililoloa. Pampu ni ya sherehe, kegi iishe usiku huohuo.

Na chaja unaminya kidogo, unaachia, unamimina, usiishikilie utapata glasi ya povu tupu. Katriji inapiga barafu nyeupe kabisa, ishike na kitambaa. Kwa kegi nzima natumia nne, mara nyingine tano, na kegi haitoki kwenye friji kwa sababu bia ya baridi ndo inashika gesi.

Lawama zangu mbili. Haina geji ya kupima presha, unakisia kwa kuangalia bia inavyotoka. Pia ukiiacha imefungwa na katriji usiku kucha inavuja, asubuhi nimekuta katriji tupu mara mbili, kwa hiyo toboa mpya pale tu presha ikiisha kabisa.

Tafadhali sana, nunua katriji za CO2 za chakula. Za kujazia matairi ya baiskeli zinaweza kuwa na mafuta ndani, na zile za krimu ni gesi nyingine kabisa.

Kegi ya tatu imekaa wiki tatu kwenye friji tukiinywa kidogokidogo, imeisha juzi na glasi ya mwisho ilikuwa na povu.