Kikohozi kwenye kliniki za CTC Mwanza: huduma nzuri inayoishia katikati ya njia

Anayechukua dawa CTC (kliniki ya huduma na matibabu ya VVU), iwe Mwanza mjini, Sengerema au Nansio, anaijua huduma hii. Kila hudhurio, ili kutafuta kifua kikuu (TB), anaulizwa kuhusu kikohozi, homa, kupungua uzito na jasho jingi la usiku. Akikubali hata dalili moja, anatoa makohozi yapimwe kwa GeneXpert, mashine inayomaliza kazi yake ndani ya saa mbili, na halipi kitu. Kwa TB, tunaipa alama za juu.

Inakolegea ni baada ya jibu la "hakuna TB". Kikohozi na kukonda ni dalili za saratani ya mapafu vilevile, na WAVIU (watu wanaoishi na VVU) huipata zaidi kuliko wengine, mara nyingi katika umri mdogo, hata virusi vikiwa vimefubaa. Sigara ndiyo chanzo kikuu, ila kinga iliyowahi kushuka sana na makovu ya TB ya zamani huongeza hatari. Maswali ya TB hayagusi sigara. Kwa hiyo mvuvi wa mwaloni anayevuta pakiti kwa siku kwa miaka 20 anapewa antibayotiki, akirudi anapewa nyingine. Au anaanzishiwa dawa za TB kwa kutazama eksirei tu, na hapo miezi inapotea, maana kwa mtu mwenye CD4 (seli za kinga) ya chini picha ya TB na ya uvimbe hufanana mno.

Marekani mvutaji wa kiwango hicho mwenye miaka 50 hadi 80 hufanyiwa kipimo cha CT (picha za kifua tabaka kwa tabaka) cha mionzi kidogo kila mwaka. Hatupendekezi kuiga hilo kwa pupa: penye TB nyingi, makovu yangepeleka watu wengi kutobolewa kifua bure. Kinachofaa kwetu ni kutofunga faili. GeneXpert ikikosa TB na kikohozi kimepita wiki tatu, au miezi miwili ya dawa za TB haijaleta nafuu, omba rufaa. Damu kwenye makohozi, sauti iliyokauka, uso kuvimba, tezi zilizovimba juu ya mtulinga (mfupa wa mbele kati ya shingo na bega) au ncha za vidole kutuna: usisubiri hata hizo wiki.

Rufaa ya Kanda ya Ziwa ni Bugando, penye tibakemia (dawa za saratani) na mionzi, hivyo safari ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, si lazima kwa kila mtu. Wa Sengerema na Geita wamepumua tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025. Wa Ukerewe bado wanaitegemea meli. Ubure wa CTC haufiki kwenye CT wala patholojia (uchunguzi wa kinyama maabara), kwa hiyo ulizia bima kabla ya kupanda.

Kinyama cha uvimbe kikichukuliwa kupimwa, kosa linaloumiza ni kukitumbukiza chote kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia nyama. Fomalini huua vijidudu, basi TB haioteshwi tena. Kigawanywe: kipande cha patholojia kwenye fomalini ya asilimia 10, ujazo wake mara kumi ya nyama, kipande cha TB kwenye chupa safi isiyo na fomalini. Maji ya kifuani yakivutwa, angalau mililita 50 ziende kutafutwa seli za saratani. Vijiko viwili havitoshi.

Upande wa dawa, TLD (kidonge cha VVU chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir) ni rafiki kwa tibakemia kuliko mchanganyiko wenye ritonavir, ambayo hupandisha sumu ya docetaxel, dawa ya tibakemia. Lakini tenofovir na cisplatin, dawa nyingine ya tibakemia, zote hulemea figo, kwa hiyo daktari wa saratani aambiwe. Asipojua, kuna kosa la upande wa pili pia: dolutegravir hupandisha kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo) kidogo bila kudhuru figo, na dozi ya tibakemia inaweza kupunguzwa pasipo sababu. Kadi ya CTC, majibu ya wingi wa virusi na kreatinini ya zamani viende pamoja na mgonjwa.

Anayetumia rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, huongeza dolutegravir miligramu 50 saa 12 baada ya TLD. Dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini huzuia dolutegravir isifyonzwe: TLD imezwe saa mbili kabla yake au saa sita baadaye.