Wavu wa kuzuia kulungu kwa anayelima matembele Maryland: uzoefu wangu

Kama unaishi huku mashariki mwa Marekani na unalima mboga za majani nyuma ya nyumba, pesa yako iweke kwenye uzio, usiimalizie kwenye dawa za kupuliza. Nimejaribu karibu kila kitu kinachouzwa madukani kwa ajili ya kufukuza kulungu. Kilichorudisha matembele kwenye sufuria yangu ni wavu mweusi wa plastiki ngumu, wenye kimo cha futi 7 na nusu (kama mita 2.3), uliofungwa kwenye nguzo za chuma kuizunguka bustani yote. Nimeshavuna misimu kadhaa nikiwa na wavu huu, kwa hiyo ninaweza kuusema uzuri wake na kasoro zake.

Mimi niko kaunti ya Montgomery, Maryland. Nyuma ya nyumba zetu kuna kijito na msitu mwembamba, na kulungu wanaishi humo humo, katikati ya watu. Ni wale wa mkia mweupe: akishtuka, anauinua mkia juu na unauona mweupe kwa chini huku anakimbia. Mwanzoni mwa karne iliyopita walikuwa wamewindwa hadi kubaki laki chache tu nchi nzima. Leo wanakadiriwa kuwa karibu milioni 30. Mbwamwitu na simba wa milimani waliokuwa wakiwala walishamalizwa zamani upande huu wa nchi, na kwenye mitaa ya makazi mtu hafyatui bunduki ovyo. Halafu sisi wenyewe tunapanda maua, tunamwagilia, tunaweka mbolea. Wataondoka waende wapi? Ukishalikubali hilo, unaacha kutafuta dawa ya kuwahamisha na unaanza kulinda eneo lako.

Kulungu mkubwa anakula kilo 2 hadi 4 za majani na machipukizi kwa siku, na anachagua kama mtu aliye sokoni. Kwangu matembele ndiyo ya kwanza. Tuta zima la marando yaliyoshika vizuri linaweza kulala kijani na kuamka vikonyo vitupu. Zinafuata kunde na maharage. Mchicha wanakata ncha, bamia wanakula vichwa na vitumba. Majani ya maboga yaliyokomaa, yale yenye miiba midogo, wanayaacha, lakini zile ncha laini ambazo sisi ndizo tunazozitaka, wanazitaka na wao. Sukuma wiki huwa inasalimika kiangazi, ila ikifika Oktoba na majani ya porini yameanza kukauka, wanaigeukia. Vitunguu, kitunguu saumu, mnanaa na rozimeri sijaona vikiguswa.

Kabla hujatoa dola hata moja, hakikisha mwizi wako ni kulungu kweli. Kulungu hana meno ya mbele kwenye taya la juu, kwa hiyo hakati jani, analivuta na kulichana. Ukiinama ukashika kikonyo kilichobaki utaona ncha yake imechanika, ina nyuzi nyuzi. Sungura anakata mshazari, safi kabisa kama kisu. Tazama pia kimo: majani yaliyoliwa usawa wa kiuno chako hayakuliwa na sungura. Na udongo ukiwa na unyevu utaona alama za kwato zilizogawanyika mara mbili. Nasisitiza hili kwa sababu wavu wa kulungu peke yake haumzuii sungura, nitalieleza hapo chini.

Sasa kuhusu dawa za kupuliza. Nyingi zinatengenezwa kwa mayai viza, na nyingine zinaongezwa kitunguu saumu au pilipili. Nyingine ni unga wa damu iliyokaushwa. Harufu yake kulungu anaihesabu kuwa ya hatari, na ni kweli zinafanya kazi. Kwenye maua ya mbele ya nyumba nazitumia mpaka leo, maana sehemu nyingi kanuni haziruhusu uzio mrefu upande wa barabarani. Ila lazima urudie kila baada ya wiki chache, urudie tena mvua kubwa ikipita, na jani lililochipua jana halina dawa. Marando ya viazi wakati wa Julai yanatoa majani mapya kila siku, utapuliza mara ngapi?

Lakini sababu kubwa ya mimi kuachana nazo kwenye mboga ni maandishi ya nyuma ya chupa. Soma pale kwa makini. Nyingi zinakataza kabisa kupuliza sehemu ya mmea inayoliwa. Kwa jirani anayelima nyanya hilo si tatizo, yeye anapuliza majani mapema na kula tunda. Sisi tunakula majani. Matembele, mchicha, kunde, majani ya maboga: kinacholiwa na kulungu ndicho hicho hicho kinachoingia jikoni. Wauzaji hawalitaji hilo, kwa sababu wateja wao wengi hawapiki majani ya viazi. Ndugu zetu wengi wanapuliza na kesho yake wanachuma, na hawajaambiwa na mtu.

Sabuni za kuning'iniza na nywele kutoka saluni niliona zinasaidia kidogo sana, na kwa muda mfupi. Zile pampu za maji zenye kihisi, ambazo mnyama akikatiza zinamrushia maji ghafla, zilikuwa na nguvu mwanzoni. Baadaye walijifunza maji yanaishia wapi, wakawa wanakula nje ya hapo. Tena zinataka bomba liwe wazi muda wote, na baridi ya kugandisha ikianza lazima uzing'oe. Wakati wa njaa ya majira ya baridi, hakuna harufu wala kelele itakayomrudisha kulungu. Mwenye njaa hana miiko.

Basi, wavu wenyewe. Ni wa polipropilini, rangi nyeusi, matundu ya karibu sentimita 5, umetengenezwa usiharibiwe haraka na jua. Unauzwa kwa roli, kwa kawaida futi 100 au futi 330. Bustani yangu ni futi 20 kwa 30, mzunguko wake ni futi 100 kamili, ila ukinunua roli la futi 100 huna cha kukunjia kwenye geti wala pembeni. Kwa hiyo mimi nilichukua la 330 tukagawana na rafiki yangu Mkenya wa mtaa wa pili, naye akazungushia sukuma wiki zake. Kwa upande wangu, nguzo, wavu, vigingi na kamba za plastiki za kubania vilikuwa chini kidogo ya dola 400. Fundi wa uzio aliyekuja kupima alitaja bei mara kadhaa ya hiyo, kwa uzio wa waya. Ukiwa na watu wawili wa kukusaidia, Jumamosi moja inatosha, hata udongo ukiwa ule mfinyanzi mwekundu wa kwetu huku. Upige nguzo siku mbili tatu baada ya mvua, chuma kinaingia bila kugombana.

Kwa nini kimo hicho? Kulungu huyu anaweza kuruka hadi futi 8. Lakini uwezo ni jambo moja na kuruka kweli ni jambo jingine: haruki kirahisi akiwa haoni vizuri mahali pa kutua, na wavu mwembamba mweusi unamchanganya kupima urefu wake. Asipokuwa anakimbizwa, kwanza anatafuta njia ya chini.

Hilo nimeliona kwa macho yangu. Jioni moja ya Juni, jua linazama, alikuja jike na mtoto wake mwenye madoadoa meupe mgongoni. Nilikuwa dirishani jikoni. Jike alifika kwenye wavu, akasimama, hakunyanyua hata kichwa kutazama juu. Aliinamisha shingo akaanza kutembea pembeni mwa uzio taratibu, pua ikigusa chini, na kila baada ya hatua chache anausukuma wavu kwa pua aone kama unanyanyuka. Alizunguka pande tatu hivyo hivyo. Palipokuwa na kigingi alipita, palipolegea kidogo alirudia mara mbili. Hakupata mwanya, akaondoka na mtoto wake.

Kwa hiyo nguvu zako ziweke chini kuliko juu. Unaponunua, angalia kama wavu una urefu wa ziada wa kulaza chini kwa nje, kama inchi 6, halafu uukandamize kwa vigingi kila baada ya futi chache. Mtoto wa kulungu wa Mei na Juni ni mwembamba, anapenya mahali ambapo huwezi kuamini. Nguzo zikae futi 10 hadi 15 kutoka moja hadi nyingine. Mimi nimeweka 10, wavu haulegei. Na mwanzoni kabisa funga vitambaa vyeupe usawa wa futi 4. Wavu ukiwa mpya hawauoni gizani, anaweza kuuvamia kwa kasi akauchana na kuumia. Wakishazoea kwamba njia imefungwa, unaviondoa.

Kasoro zipo. Plastiki hii sungura anaitafuna, na wale wanyama wanene wa mashimo wanaoitwa groundhog wanaitafuna zaidi. Inabidi chini uongeze wavu wa kuku wa waya, kimo cha futi 2, wenye matundu madogo, na sehemu yake uifukie. Gharama hiyo haimo kwenye tangazo la muuzaji. Kasoro ya pili ni geti: roli haliji na geti, na muuzaji niliyenunua kwake aliniuzia vifaa vya mlango ambavyo kulabu zake ziliachia upepo wa kwanza. Nikatengenezewa fremu ya mbao na fundi wa mtaani, ikawa imara kuliko vile. Matawi yakianguka wakati wa dhoruba yanauvuta wavu chini, na theluji nzito yenye maji inaulemea, hivyo nikiona imeganda naitikisa kwa ufagio.

Usinunue wavu ule laini wa bei ya chini, wa kufunika miti ya matunda, ukautumia kama uzio. Unanasa pembe za madume, unanasa nyoka na ndege, na kulungu mwenye nguvu anaondoka nao wote.

Jambo jingine ambalo uzio hauondoi ni kupe. Kupe wa miguu myeusi, ambaye akikomaa hujilisha kwa kulungu, ndiye anayeambukiza ugonjwa wa Lyme, uliopewa jina la mji wa Lyme kule Connecticut ambako watu wengi waligundulika kuugua katika miaka ya 1970. Akiwa mchanga, kupe huyo huyo hunyonya panya, na panya hawana habari na wavu wangu. Ukitoka bustanini jikague nyuma ya magoti, kwapani na kiunoni, na watoto wakague kichwani.

Kabla hujachimba shimo la kwanza, uliza kaunti yako kuhusu kimo cha uzio, na kama mtaa wenu una chama cha wenye nyumba, waulize kwa maandishi. Mimi nilipeleka picha ya wavu wenyewe. Ukisimama hatua ishirini huuoni vizuri, na nadhani hilo ndilo lililowafanya wakubali. Kwa maswali ya mimea, Chuo Kikuu cha Maryland kina huduma ya ugani inayojibu wakulima wa nyumbani bure, na Chuo Kikuu cha Rutgers cha New Jersey kina orodha ya mimea ya mapambo iliyopangwa kwa jinsi kulungu anavyoiharibu, kuanzia ile asiyoigusa kwa kawaida mpaka ile anayoimaliza. Niliitumia kuchagua maua ya mbele, nikaacha tulipu nikapanda dafodili na lavenda.

Nyota 4 kati ya 5. Ile moja nimeipunguza kwa ajili ya geti na meno ya sungura. Kwa mboga zenyewe sina malalamiko: mwishoni mwa Mei napanda marando, Julai mama anachuma matembele ya kutosha familia yetu na ya kuwagawia wa kanisani, na tunaendelea hivyo mpaka baridi ya kwanza inapoua majani mwezi wa kumi.

Aliyepanga nyumba na haruhusiwi kupiga nguzo, asinunue roli hili. Tengeneza tuta jembamba la futi 4 kwa upana, lizungushie waya wa futi 4 tu kwa kimo. Kulungu hapendi kurukia mahali padogo ambapo hana nafasi ya kutua na kugeuka, kwa hiyo waya mfupi kiasi hicho mara nyingi unatosha, na siku ya kuhama unaukunja unaondoka nao.