Kusoma Biblia na watoto: tuanze Mwanzo au Marko?

Wazazi wengi tunaanzaga na Mwanzo kwa sababu ndo ukurasa wa kwanza, na kweli kuna utamu, uumbaji, safina ya Nuhu, Yusufu na kaka zake, watoto wanatulia kabisa. Ila ni sura 50, na ukifika ya 5 ni fulani akamzaa fulani mpaka wanasinzia, kinachowaamsha ni Methusela tu na miaka yake 969.

Marko ni sura 16, mkisoma moja kila jioni baada ya msosi mwezi hauishi mshamaliza, na matukio yanakimbia. Jana tulikuwa sura ya 2, wale jamaa wanne wanatoboa dari wamshushe mwenzao aliyepooza, binti yangu wa miaka 7 akaangalia juu kwenye bati letu akauliza, "Mama, vumbi lilimwangukia Yesu?" Nikampa penseli, akachora na vumbi lote.

Kwangu mimi Marko kwanza, halafu ndo mrudi Mwanzo kwa vipande, hasa Yusufu kuanzia sura ya 37. Na kitabu ashike mtoto mwenyewe jamani, akikwama kwenye neno msubirini.